Dohani ni Mtutu wa Nyumba

Askari ajuaye kazi yake hawezi kulala kabla ya kusafisha mtutu wa bunduki yake. Anafahamu ya kuwa masizi ya baruti yakiachwa ndani hula chuma, na chuma kilicholiwa humsaliti mwenyewe siku ya haja. Hata hivyo, askari huyo huyo hurudi nyumbani jioni, akapita chini ya dohani ambayo haijaguswa na brashi tangu alipokabidhiwa nyumba, wala asiinue macho. Dohani nayo ni mtutu. Tofauti ni kwamba mtutu huu hauelekezwi kwa adui. Mdomo wake wa chini umewaelekea mama na watoto.

Tororo na Busia, upande wa Uganda na upande wa Kenya, si nchi za barafu. Lakini mvua za mwezi Machi hadi Mei huacha usiku wenye unyevu na baridi. Kuni hulowa, milango hufungwa mapema, na moto hutakiwa zaidi. Tena watumishi wa mpakani hawakai mahali pamoja. Leo mtu yuko Malaba, kesho amehamishiwa Kapchorwa au Kitale, chini ya Mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321, ambako nyumba za zamani zina mahali pa kuotea moto ukutani na baridi si mzaha. Kwa hiyo habari ya moshi na njia yake yahusu kila familia yenye sanduku la safari.

Makao ya sehemu hizi ni ya namna tatu. Zipo nyumba kuukuu za watumishi wa serikali na wa reli, zilizojengwa wakati wa ukoloni. Reli ilipita Tororo kuelekea Jinja, ambako ilifika mwaka 1928, na nyuma yake zikafuata nyumba za matofali. Baadhi yake zina jiko la chuma la kuni na dohani. Zipo nyumba za vijijini, za udongo au matofali, zenye mafiga matatu au jiko la udongo lenye bomba la moshi. Na zipo unipoti, vile vibanda vya mviringo vya bati ambamo familia nyingi za polisi wa Uganda zimelelewa, chumba kimoja kikiwa ndicho sebule, ndicho chumba cha kulala, na mvua ikinyesha, ndicho jikoni pia.

KISA CHA KUKU ALIYEKUWA AKIATAMIA

Kisa cha koplo mmoja wa polisi na familia yake chafaa kusimuliwa, kwa kuwa kinafanana na vingi. Koplo huyo alihamishiwa Tororo akiwa na mkewe na watoto watatu, akapewa nyumba ya zamani yenye jiko la chuma na dohani ya matofali. Tangu mwezi wa kwanza mkewe aliona moshi ukirudi jikoni kila awashapo moto. Alimlaumu muuza kuni. Akabadili muuza kuni, moshi ukabaki. Watoto wakaanza kukohoa, na mdogo wao akawa na macho mekundu kama aliyelia usiku kucha. Koplo, aliyekuwa akirudi amechoka kutoka zamu, alisema kuni hazijakauka. Hatimaye mama aliliacha jiko lile, akanunua sigiri, akawa anapikia barazani.

Usiku mmoja wa mwezi Aprili mvua ilinyesha kwa nguvu, na koplo alikuwa zamu. Mama aliingiza sigiri chumbani, imejaa makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo, akafunga mlango na dirisha ili watoto wapate joto. Pembeni, ndani ya kikapu, alikuwapo kuku aliyekuwa akiatamia mayai. Kabla ya alfajiri mama aliamshwa na kichwa kilichomgonga kama kinu. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Akatambaa hadi mlangoni, akaufungua, akapiga kelele. Majirani wakawatoa watoto mmoja mmoja. Wawili walikuwa wakitapika, na yule mdogo alilegea kama mlevi.

Baadhi ya majirani walisema ni malaria. Wengine walisema ni chakula cha jioni. Mzee mmoja, mstaafu wa reli aliyeishi nyumba ya tatu, aliingia chumbani bila kusema neno, akatoka na kile kikapu. Kuku alikuwa amekufa juu ya mayai yake.

"Mwanangu," mzee alimwambia mama, "kuku huyu hakula ugali wenu, wala hakuumwa na mbu. Wapelekeni watoto hospitali sasa hivi, na mwambieni daktari kwamba walilala na makaa."

Watoto walitiwa hewa ya oksijeni hospitalini, wakapona. Siku ya pili yule mzee alimkuta koplo amekaa kizingitini, kichwa mikononi.

"Afande," alimwuliza, "bunduki yako unaisafisha mara ngapi?"

"Kila ninapoirudisha ghalani, mzee."

"Na hii?" Mzee akaielekeza fimbo yake juu ya paa.

Walipoifungua dohani ile walikuta kiota cha ndege, nyumba ya nyigu, na masizi mazito yaliyogandamana ukutani hata njia ikabaki ya kupitisha ngumi tu. Koplo alikwenda kuitafuta hati ya makabidhiano ya nyumba. Ilitaja funguo, vitanda, vioo vya madirisha na taa. Familia nne zilikuwa zimeitia sahihi, moja baada ya nyingine. Dohani haikutajwa mahali popote.

Hapo ndipo lilipo somo lenyewe. Makaa ndiyo yaliyotaka kuua, lakini yaliingizwa chumbani kwa sababu jiko halikutumika, na jiko halikutumika kwa sababu dohani ilikuwa imeziba. Ajali ya usiku mmoja ilikuwa imeandaliwa kwa miaka mingi na watu wengi, na hapana hata mmoja wao aliyekusudia ubaya.

KWA NINI MOSHI HUPANDA, NA KWA NINI HURUDI

Hewa ikipata moto huwa nyepesi, nayo hupanda. Dohani hufanya kazi kwa kanuni hiyo tu. Moshi wa moto hupanda ndani yake, na nyuma yake hewa mpya huvutwa kuingia jikoni kupitia mlangoni na dirishani. Kwa hiyo jikoni palipofungwa kabisa dohani haiwezi kuvuta, hata ikiwa safi. Hali kadhalika dohani fupi, iliyo chini ya kilele cha paa, hupigwa na upepo na moshi hurudishwa chini. Yafaa mdomo wake upite sehemu yoyote ya paa iliyo karibu kwa sentimita 60 angalau, na penye paa la nyasi zaidi ya hapo.

Kuni mbichi ndizo adui mkubwa. Moto wake ni wa baridi, moshi wake umejaa maji na utomvu. Moshi huo ukigusa ukuta wa dohani hugeuka kuwa ulimbo mweusi, unaonata kwanza, kisha ukakauka na kung'aa kama lami. Ulimbo huo hushika moto. Siku jiko litakapokolezwa kwa kuni kavu kwa ajili ya sikukuu, dohani yenyewe yaweza kuwaka ndani, ikavuma kama gari moshi lipandalo mlima, na kurusha cheche juu ya paa. Tena maji ya mvua yakichanganyika na masizi huwa kama tindikali, nayo hula bomba la bati mpaka litoboke. Tundu dogo karibu na mwamba wa paa latosha kuiunguza nyumba.

Kazi ya kufagia dohani ina historia ya uchungu. Katika Uingereza ya zamani, watoto wadogo waliingizwa ndani ya dohani nyembamba ili waparue masizi kwa mikono. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alionyesha ya kuwa wafagiaji hao walipata saratani ya ngozi kwa ajili ya masizi yaliyowaganda mwilini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Sheria zilitungwa, zikapuuzwa. Mwaka 1875 mtoto aitwaye George Brewster alikufa baada ya kukwama katika dohani za hospitali moja karibu na Cambridge. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria iliyomlazimisha kila mfagiaji kupata kibali cha polisi kabla ya kufanya kazi hiyo, na ndipo watoto walipokombolewa. Yafaa familia za polisi zilijue jambo hilo. Sheria za mwanzo hazikuwa na mtu wa kuzisimamia, ndiyo maana zilipuuzwa. Polisi walipokabidhiwa kazi hiyo, ukatili ulikoma.

Madhara ya moshi hayakubaki Ulaya wala karne ile. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yatokanayo na moshi wa majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kichomi, pumu, maradhi ya moyo na mtoto wa jicho hutajwa miongoni mwa maradhi hayo. Mama anayepika mtoto akiwa mgongoni humvutisha mtoto moshi uleule auvutao yeye.

UKAGUZI WA NUSU SAA

Ukaguzi wa dohani hauhitaji fundi kutoka mbali. Yatosha ufanywe mara mbili kwa mwaka, mwezi Februari kabla ya mvua kubwa, na mwezi Agosti kabla ya zile za pili. Jiko likitumika kila siku kwa kuni, na lifagiwe mara nyingi zaidi.

Kwanza, moto uzimwe tangu jana yake, na majivu yote yatolewe. Mkaguzi aweke kioo kidogo chini ya tundu la dohani na kutazama juu mchana. Akiuona mwanga wa mbingu umekamilika, njia i wazi. Akiona nusu ya mwanga au giza, kuna kiota, tofali lililoanguka, au masizi.

Pili, akwaruze ukuta wa ndani kwa kijiti. Masizi yakizidi unene wa milimita 3, wakati wa kufagia umefika. Yakiwa makavu na ya unga, brashi itayaondoa. Yakiwa ya kung'aa na magumu, kuni mbichi zimekuwa zikitumika, na ni lazima kuacha.

Tatu, azunguke nje na kutazama nyufa. Ufa katika dohani hujionyesha wenyewe kwa alama nyeusi ukutani au kwenye mbao za paa. Ufa huo uzibwe kwa saruji na mchanga, au kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri iwapo jiko ni la udongo. Waliosema "usipoziba ufa utajenga ukuta" walisema kweli, na katika habari hii huenda mtu akajenga nyumba nzima.

Nne, kufagia. Mdomo wa jiko ufunikwe kwa gunia lililoloweshwa maji ili masizi yasitapakae. Brashi ya waya au ya nyuzi ngumu ifungwe kwenye kamba, na chini yake lining'inizwe jiwe zito. Ishushwe kutoka juu na kupandishwa, mara kumi au zaidi, mpaka isilete kitu. Pasipo na brashi, kitita cha fito nyembamba kilichofungwa katikati ya kamba mbili, mtu mmoja akivuta juu na mwingine chini, hufanya kazi ileile. Bomba la jiko la udongo husafishwa kila mwezi kwa ufito mrefu wenye gunzi la mahindi nchani. Mfagiaji afunge pua na mdomo kwa kitambaa, avae mikono mirefu, na aoge kwa sabuni akimaliza. Masizi yazikwe shimoni. Watoto wasikaribie.

Kuna maonyo mawili yasiyoruhusu mzaha. Kundi la nyuki likikutwa ndani ya dohani, lisichomwe moto. Aitwe mrina asali. Onyo la pili lahusu mapaa ya zamani. Tororo palikuwa na kiwanda cha mabati ya saruji na asbesto, na baadhi ya nyumba kuukuu bado zimeezekwa kwa mabati hayo ya kijivu, au zina mabomba ya moshi ya namna hiyo. Vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Mabati na mabomba hayo yasikwaruzwe kwa brashi ya waya, yasikatwe, yasitobolewe. Wala mtu asiyakanyage, maana huvunjika ghafla na mtu akaanguka. Ikiwa dohani inapita katika paa la namna hiyo, kazi iachwe, na ofisi inayotunza nyumba ipelekewe taarifa kwa maandishi.

MAUTI YASIYO NA HARUFU

Unipoti haina dohani, na wakaao humo huenda wakadhani habari hii yawapita. Kinyume chake, wao ndio walio karibu zaidi na hatari. Makaa yanapowaka mahali penye hewa chache hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi una adabu ya kubisha hodi, ilhali hewa hii huingia kimya. Ikifika katika damu hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo moyo na ubongo hukosa hewa hali mtu anapumua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Hapa mpakani, penye malaria nyingi, ni rahisi kukosea. Zipo alama za kutofautisha. Watu kadhaa wa chumba kimoja huugua saa ile ile, hawana homa, na hupata nafuu wakitoka nje. Watoto, wajawazito na wanyama wadogo hutangulia kudhurika, na mtoto aliye tumboni hudhurika hata pale mama anapojiona mzima.

Likitokea, mlango na madirisha yafunguliwe, wote watolewe nje, sigiri itolewe mwisho. Asiyejitambua alazwe ubavu na kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Maziwa na maji ya ndimu si dawa yake. Dawa ni oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, sumu iliyo mwilini hupungua nusu baada ya saa nne au tano, lakini akipewa oksijeni safi hupungua nusu kwa muda wa kama saa moja na nusu. Kwa sababu hiyo asiambiwe alale tu apumzike.

Kanuni ya unipoti na ya kila chumba ni moja. Sigiri haivuki kizingiti ikiwa na makaa yanayowaka. Iwashwe nje, ipikiwe nje au chini ya kipenu kilicho wazi pande mbili, na makaa yazimwe kwa maji au majivu kabla ya kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Baridi itafutiwe blanketi la pili, soksi za watoto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Kambi yenye unipoti kumi yaweza kujenga banda moja la kupikia lenye jiko la udongo na bomba la moshi kwa udongo na nguvu za wenyewe. Namna mojawapo ya majiko hayo, iitwayo Lorena, ilibuniwa nchini Guatemala katika miaka ya 1970, na jina lake limetokana na maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya matope na mchanga. Hakuna kijiji cha Tororo wala Busia kilichokosa vitu hivyo viwili.

HATI YA MAKABIDHIANO

Yabaki jambo la mwisho. Nyumba ya serikali huwa na wakaaji wengi, na kila mmoja humwachia mwenziwe kazi. Anayehama husema, "Atakayekuja atafanya." Anayehamia husema, "Aliyetoka aliacha hivi." Kati ya kauli hizo mbili dohani huziba.

Yule koplo wa Tororo hakuishia kuifagia dohani yake. Alichukua hati ya makabidhiano, na chini ya funguo, vitanda, vioo na taa, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Dohani, imekaguliwa na kufagiwa," pamoja na tarehe na sahihi. Alipohamishwa tena, mkewe aliifagia mara ya mwisho yeye mwenyewe, akautundika ule mtambo wa kamba, brashi na jiwe nyuma ya mlango wa jikoni. Mama aliyefuata, akiwa na mtoto mchanga mikononi, aliukuta mahali pake, akasoma ile hati, na jioni ile akawasha moto.

Moshi ukapanda.